Damu ya Musoma, Mtoto wa Manyovu: Deni la Utafiti wa Anthony Allison

Katika nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Manyovu mpakani mwa Burundi hadi Kasulu na Kibondo, kuna hukumu ambayo hutolewa bila baraza wala shahidi. Mwanamke hujifungua mtoto mzima, mnene, mwenye kilio cha nguvu. Mtoto akifikisha miezi sita au minane, vidole vya mikono na miguu huvimba, macho huwa ya njano na damu hupungua. Hupelekwa zahanati, hupewa dawa ya malaria, hurudi nyumbani. Hupelekwa tena, safari hii mbali zaidi, huongezewa damu. Kabla hajatimiza miaka mitano, huzikwa. Wa pili naye huifuata njia hiyo hiyo. Ndipo maneno huanza kunong'onwa nyuma ya nyumba: mama huyu ana mkosi, tumbo lake halilei. Mume huoa mke mwingine, na mke huyo huzaa watoto wazima. Sasa hukumu huonekana kuthibitika kwa macho ya wote: kosa lilikuwa la yule wa kwanza.

Hukumu hiyo si ya Waha peke yao. Husikika pwani, husikika Kanda ya Ziwa, husikika ng'ambo ya mpaka. Lakini popote inapotolewa, ni ya uongo. Tena sayansi inayoubainisha uongo huo haikutoka mbali. Sehemu yake kubwa ilipatikana hapa hapa Afrika Mashariki, kwa damu ya watu wa hapa, yapata miaka 70 iliyopita. Mtafiti aliyeikusanya aliitwa Anthony Allison. Hoja ya makala haya ni nyepesi kuitaja na nzito kuitekeleza: elimu iliyopatikana kwa damu ya wakazi wa nchi hizi ni deni, na deni hilo halilipwi kwa kumsifu mgunduzi. Hulipwa kwa kumpima kila mtoto anayezaliwa, na kumwita baba yake akae kando ya mama wakati majibu yanapotolewa.

Kitendawili cha mwaka 1949

Anthony Clifford Allison alizaliwa mwaka 1925 nchini Afrika Kusini, akakulia Kenya, katika shamba la pareto la wazazi wake karibu na Gilgil, Bonde la Ufa. Alisoma Johannesburg, kisha Oxford, Uingereza. Mwaka 1949, kabla hajahitimu udaktari, alijiunga na msafara wa chuo hicho uliokwenda Mlima Kenya. Wenzake walikusanya mimea na wadudu. Yeye alikusanya damu. Alitaka kujua makundi ya damu ya wenyeji, na pamoja na hayo alipima kama chembe nyekundu za damu zilikuwa na tabia ya kujikunja kama mundu pale zinapokosa oksijeni.

Tabia hiyo ndiyo msingi wa ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli. Mwaka huo huo wa 1949 watafiti wengine walikuwa wamekwisha kueleza kwamba ugonjwa hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, na kwamba shina lake ni himoglobini yenye umbo tofauti na la kawaida. Mtu aliyerithi himoglobini ya kawaida kutoka pande zote mbili huandikwa AA. Aliyerithi ya kawaida kutoka kwa mzazi mmoja na ya selimundu kutoka kwa mwingine huandikwa AS: huyo ni mbebaji, si mgonjwa. Aliyerithi selimundu kutoka pande zote mbili huandikwa SS, na huyo ndiye mgonjwa.

Allison aliona jambo lililomshangaza. Karibu na pwani ya Kenya na kandokando ya Ziwa Viktoria, wabebaji walizidi asilimia 20 ya watu. Katika nyanda za juu za Kenya hawakufika hata asilimia 1. Hapo palikuwa na kitendawili. Wagonjwa wengi wa selimundu walikufa wangali watoto, kabla ya kuzaa. Kila mtoto aliyekufa alikwenda kaburini na vinasaba viwili vya selimundu. Kwa hesabu hiyo, kinasaba hicho kingepaswa kupungua kizazi hadi kizazi, mpaka kiwe adimu. Mbona basi kwenye maeneo fulani mtu mmoja kati ya watano alikuwa nacho? Na mbona palikuwa kingi mabondeni na haba milimani?

Jibu alilolibuni ni malaria. Mbu waenezao malaria hustawi penye joto na maji, si penye baridi ya milimani. Iwapo mbebaji wa selimundu hustahimili malaria kuliko mwenzake asiye nacho, basi kinasaba hupotea kwa vifo vya wagonjwa na hurudishwa kwa kuokoka kwa wabebaji. Alirudi Uingereza, akamaliza masomo, na mwaka 1953 akaja tena Afrika Mashariki kulijaribu wazo lake.

Nairobi, Kampala, Musoma

Alilijaribu kwa njia tatu. Ya kwanza ilifanyika Nairobi, kwa watu wazima 30 wa kabila la Wajaluo waliojitolea: 15 wabebaji na 15 wasio wabebaji. Wote waliambukizwa malaria kwa makusudi chini ya uangalizi. Kati ya wale wasio wabebaji, malaria ilishika kwa 14. Kati ya wabebaji, ilishika kwa 2 tu.

Ya pili ilifanyika karibu na Kampala, kwa watoto 290. Kati ya watoto 43 wabebaji, 12 walikutwa na vimelea vya malaria, yaani asilimia 28. Kati ya watoto 247 wasio wabebaji, waliokutwa navyo ni 113, yaani asilimia 46.

Ya tatu ndiyo inayomgusa zaidi msomaji wa Tanzania, na ndiyo inayostahili kukumbukwa na kila mkunga. Mjini Musoma na vijiji vyake, Allison alipima damu za watoto wachanga 287 na watu wazima 654. Miongoni mwa watoto, 189 walikuwa AA, 89 walikuwa AS na 9 walikuwa SS. Miongoni mwa watu wazima, 400 walikuwa AA, 249 walikuwa AS na 5 tu walikuwa SS. Kama wagonjwa wangekua sawasawa na wenzao, watu wazima wenye SS wangekaribia 20. Walikutwa watano. Pengo hilo la watu 15 si tarakimu tu. Ni watoto waliozikwa. Upande mwingine wa hesabu, wabebaji waliokuwa asilimia 31 miongoni mwa wachanga walifika asilimia 38 miongoni mwa watu wazima. Wabebaji walikuwa wakinusurika kuliko wote.

Matokeo hayo yalichapishwa kuanzia mwaka 1954. Wapo wataalamu walioyatilia shaka kwa miaka kadhaa, lakini tafiti zilizofuata ziliyathibitisha. Utafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba hali ya ubebaji humkinga mtoto dhidi ya malaria kali kwa takriban asilimia 90. Kwa mara ya kwanza binadamu alikuwa ameonyeshwa, kwa kinasaba kinachojulikana na ugonjwa unaojulikana, jinsi mazingira yanavyochagua kinachorithiwa.

Haifai kuisimulia habari hii kana kwamba ilikuwa safi kabisa. Mwaka 1953 Tamko la Helsinki kuhusu maadili ya utafiti lilikuwa bado halijaandikwa. Lilikuja mwaka 1964. Wale watu 30 wa Nairobi waliishi chini ya utawala wa kikoloni, na neno "kujitolea" mbele ya daktari Mzungu wa wakati ule lina uzito wake. Leo jaribio la kuambukiza malaria kwa makusudi, kama lile lililofanywa Bagamoyo na Taasisi ya Afya Ifakara, hupita kwanza mbele ya kamati za maadili, na mshiriki hutia saini baada ya kuelezwa na kuelewa. Tofauti hiyo ni maendeleo. Lakini inazidisha swali la deni: wale waliotoa damu bila kinga hiyo, wajukuu wao wamepata nini?

Hesabu inayomsafisha mama

Jambo la kwanza walilopaswa kulipata ni maelezo. Mwanamume mwenye AS na mwanamke mwenye AS wote ni wazima. Hawana dalili, wanalima, wanapanda mlima na mzigo kichwani. Kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto AA, mbili kati ya nne za mtoto AS, na moja kati ya nne ya mtoto SS. Nafasi hiyo huanza upya kwa kila mimba. Kuwa na mtoto mmoja mgonjwa hakuwahakikishii wazazi kwamba watatu wanaofuata watakuwa wazima. Ndiyo maana, kati ya wanandoa wa aina hii wenye watoto wanne, takriban theluthi moja hawatapata mtoto mgonjwa hata mmoja, ilhali wengine watazika wawili au watatu. Wote ni sawa kwa vinasaba. Walichotofautiana ni bahati.

Sasa irudiwe hukumu ya mwanzo. Mume mwenye AS anamwacha mke mwenye AS na kuoa mwanamke mwenye AA. Watoto wa ndoa ya pili hawawezi kuwa SS; nusu yao watakuwa wabebaji, wazima kama baba yao. Kijiji kinaona na kusema, "Mnaona? Mwanamume hakuwa na tatizo." Kumbe mwanamume amebeba nusu kamili ya sababu, na ameibeba hadi nyumba ya pili, akaigawa kwa watoto wake, nao watakutana na wabebaji wenzao miaka 20 ijayo. Ushahidi unaomtia hatiani mke wa kwanza ni ushahidi ambao hausemi lolote juu yake. Na huyo mke aliyeachwa, akiolewa na mwanamume mwenye AA, atazaa watoto wazima vilevile.

Hapa ndipo kazi ya Allison inapomfaa mshauri wa afya kuliko hotuba yoyote ya huruma. Kinasaba hiki si laana, si adhabu, si uchafu wa ukoo. Kilidumu kwa sababu kiliwaokoa watoto wengi na malaria kwa vizazi vingi. Babu na bibi walioishi bondeni au kando ya ziwa hawakuishi licha ya kinasaba hicho. Baadhi yao waliishi kwa sababu yake. Mzazi anayeelezwa hivyo husikia habari ya ngao ya kale yenye gharama kali. Ni rahisi zaidi kwa baba kukubali kupimwa anapoelezwa hivyo kuliko anapoambiwa kwamba damu yake ina kasoro.

Mlima hauhami, watu wanahama

Upo mtego katika ramani ya Allison, nao unazihusu nyanda za juu za Kigoma moja kwa moja. Ikiwa milimani kinasaba ni haba, mpangaji wa huduma anaweza kusema kwamba vipimo vipelekwe kando ya ziwa na mabondeni, na milima isubiri. Hoja hiyo ina sura ya sayansi, lakini imeusahau mwendo wa watu.

Kwa miongo mingi wanaume wa Uha walikwenda kufanya kazi ya manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wengine wakarudi na wake na watoto. Wavuvi na wafanyabiashara hupanda na kushuka kati ya Ziwa Tanganyika na Manyovu. Wakimbizi wa Burundi walivuka mpaka mwaka 1972, wakavuka tena 1993 na 2015. Wa Kongo walifika kwa wingi mwaka 1996. Kambi za Nyarugusu na Nduta zimekutanisha watu wa mabonde na wa milima. Ndoa hazisomi ramani ya mwinuko. Wala malaria haikubaki bondeni: utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliuweka Mkoa wa Kigoma miongoni mwa ile iliyoathirika zaidi nchini. Ramani ya mwaka 1949 ilieleza asili ya kinasaba. Haikukusudiwa kuamua ni mtoto gani apimwe leo.

Kipimo kilichozeeka na dhana iliyokosewa

Kosa la pili limo ndani ya maabara. Katika vituo vingi bado kinatumika kipimo cha aina ile ile iliyotumika katika msafara wa 1949: tone la damu huchanganywa na kemikali inayoondoa oksijeni, kisha chembe hutazamwa kwa hadubini kama zimejikunja. Kipimo hicho huonyesha kwamba himoglobini S ipo, lakini hakitofautishi AS na SS. Mbebaji mzima na mgonjwa wa hatari wote hupewa jibu moja: "siko seli, ndiyo." Zaidi ya hayo, kwa mtoto mchanga hakitegemeki, kwa kuwa damu yake bado imejaa himoglobini ya tumboni, ambayo huificha selimundu kwa miezi ya mwanzo. Ndiyo maana mtoto huonekana mzima hadi karibu miezi sita. Allison mwenyewe asingeweza kutenganisha AS na SS pale Musoma bila kutumia umeme kuzitenga aina za himoglobini. Jibu la hadubini peke yake lisitumike kamwe kumwambia mtu kwamba ni mgonjwa, wala kumvunjia mtu uchumba.

Kosa la tatu ni dhana inayosikika hata miongoni mwa watumishi wa afya: kwamba mwenye selimundu hapati malaria. Ni kuchanganya mbebaji na mgonjwa. Kinga ni ya AS. Mgonjwa mwenye SS akipata malaria, damu yake ambayo tayari ni pungufu hushuka upesi mno. Utafiti wa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2010 uliona kwamba wagonjwa wa selimundu hawakukutwa na malaria mara nyingi kuliko wengine, lakini waliolazwa nayo walikuwa katika hatari kubwa ya kufa. Mtoto huyu ndiye wa kwanza kustahili chandarua, dawa ya kujikinga na tiba ya haraka.

Pingamizi tatu

Wapo wanaopinga upimaji wa watoto wote kwa nia njema, na hoja zao zinastahili majibu.

Husemwa kwanza kwamba gharama ni kubwa na vituo ni vya mbali. Lakini njia ya kusafirisha tone la damu ipo tayari. Watoto wa akina mama wenye virusi vya UKIMWI huchukuliwa matone ya damu yanayokaushwa kwenye kadi ya karatasi na kupelekwa maabara kubwa. Kuanzia mwaka 2017 watafiti wa Bugando, Mwanza, walizitumia kadi hizo hizo kupima selimundu kwa watoto zaidi ya 17,000 wa mikoa ya kaskazini-magharibi. Walikuta takriban mtoto mmoja kati ya watano ni mbebaji, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia ni mgonjwa. Kadi iliyokwisha kusafiri haihitaji barabara mpya. Aidha, sasa vipo vipimo vya haraka vya tone moja la damu vinavyotofautisha AA, AS na SS ndani ya dakika chache bila umeme. Vinaweza kutumika katika chumba cha kujifungulia, au kliniki ya chanjo ya wiki ya sita, ambako mama huja bila kuitwa mara mbili.

Husemwa pili kwamba kupima bila tiba ni kumtisha mzazi bure. Ingekuwa kweli kama tiba isingekuwepo. Mtoto aliyetambuliwa mapema hupewa penisilini mara mbili kwa siku tangu mwezi wa pili au wa tatu hadi miaka mitano, hupata chanjo ya nimonia iliyomo katika ratiba ya taifa, hukingwa na malaria, na mama yake hufundishwa kupapasa bandama na kujua dalili za kukimbilia hospitali. Hizo ni dawa na stadi za kawaida, na huokoa maisha. Juu yake ipo haidroksiurea. Jaribio lililofanywa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, lililochapishwa mwaka 2019, lilionyesha kwamba dawa hiyo huwapunguzia watoto wa Afrika maumivu, kuongezewa damu, malaria na vifo. Wanaokosa haya yote ni wale ambao hawajajulikana.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi: kipimo kitavunja ndoa. Wapo pia wanaogeuza hofu hiyo kuwa pendekezo, wakitaka wabebaji wakatazwe kuoana. Historia inaonya. Nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, baadhi ya majimbo yalilazimisha watu weusi kupimwa selimundu bila ushauri wa kutosha. Wabebaji wazima wakanyimwa kazi na bima kana kwamba ni wagonjwa. Saudi Arabia, ambako kipimo kabla ya ndoa ni lazima tangu mwaka 2004, uamuzi wa kuoana bado umeachwa kwa wachumba wenyewe. Uamuzi huo una hekima. Kazi ya mtumishi wa afya ni kueleza nafasi moja kati ya nne, kueleza tiba iliyopo, na kunyamaza ili wawili waamue. Kinachovunja ndoa Manyovu leo si kipimo. Ni msiba usio na maelezo, na lawama inayoujaza utupu huo.

Ushauri huo usiishie kwa wabebaji. Msichana mwenye SS aliyekua hadi kuolewa anaweza kuzaa, lakini ujauzito wake ni wa hatari: aanze kliniki mapema, apate asidi ya foliki, azungumze na daktari kuhusu haidroksiurea kabla ya kushika mimba, na ajifungulie hospitali yenye damu. Mwenza wake apimwe pia. Akiwa AA, hawatapata mtoto mgonjwa. Akiwa AS, nafasi ni nusu kwa nusu.

Mapato ya sayansi na mlango wa leba

Allison hakuishia kwenye selimundu. Alifanya utafiti London, akaongoza kwa muda taasisi ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo Nairobi, kisha akahamia California, ambako yeye na mkewe Elsie Eugui walitengeneza dawa ya mikofenoleti. Hutumika duniani kote kuuzuia mwili usiikatae figo iliyopandikizwa. Hata Watanzania waliopandikizwa figo huijua. Dawa hiyo huweza kuharibu mimba na kumlemaza mtoto tumboni, hivyo mwanamke anayeitumia sharti apate uzazi wa mpango na aonane na daktari wake kabla ya kutafuta ujauzito. Allison alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 88, na kazi yake imeingia katika vitabu vya kila chuo cha tiba duniani.

Kinasaba chenyewe kimesonga mbele zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri vinasaba vya mgonjwa wa selimundu. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Nchi tajiri zinaweza pia kupima kiinitete kabla ya kukipandikiza tumboni. Tanzania nayo haijalala: tangu mwaka 2004 Muhimbili, chini ya uongozi wa watafiti kama Profesa Julie Makani, imejenga moja ya programu kubwa za selimundu duniani, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kupandikiza uloto kwa watoto wagonjwa. Hayo ni ya kujivunia. Hata hivyo inakadiriwa kwamba watoto 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu nchini kila mwaka, na walio wengi hawatafika Dodoma wala Muhimbili. Mlango watakaopita wote, au karibu wote, ni mlango wa leba na wa kliniki ya chanjo.

Kwa hiyo kipimo cha mafanikio ya utafiti huu kiwekwe hapo. Halmashauri za Buhigwe, Kasulu na Kibondo ziingize kipimo cha selimundu kinachotofautisha AS na SS katika bajeti zake, kama zinavyoingiza kadi za kliniki. Jibu liandikwe kwenye kadi ya mtoto, kwa maneno yanayosomeka, si kwa alama ya kujumlisha pekee. Penisilini ya watoto isikosekane katika zahanati. Baba aitwe siku ya majibu, naye mhudumu wa afya wa kijiji afundishwe ile hesabu ya moja kati ya nne, aweze kuieleza kwa Kiha uwanjani, penye wakwe na majirani, kwa mawe manne au punje nne za maharage.

Watu wa Musoma walitoa damu yao, na kutoka kwayo dunia ikajifunza kwa nini watoto 15 hawakuwepo miongoni mwa watu wazima waliopimwa. Mama wa Manyovu aliyezika wawili hajaambiwa bado. Anastahili kuambiwa na nesi wa zahanati yake, mume wake akiwa ameketi pembeni akisikia.